Kalenda ya Ukutani: Nilivyozipanga Saa za Uchambuzi wa Hazina Nikiwa Kisumu

Mwaka 2020, korona ilipofunga ofisi yetu Nairobi, nilibeba kompyuta nikarudi Mamboleo kwa mama. Ofisi ilipofunguliwa niliomba nibaki, nikakubaliwa kwa sharti moja: kila mwezi nipande basi la usiku niende kwenye kikao cha kamati ya uwekezaji. Mimi ni mchambuzi wa hazina ya uwekezaji, yaani mfuko wa pesa zinazowekezwa kwenye hisa. Nasoma hesabu za kampuni, kisha namshauri meneja anunue hisa zao, auze au asubiri.

Kilichonishinda mwanzoni ni saa. Soko la Hisa la Nairobi hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri; hapo hakuna taabu. Lakini hazina yetu inashika hisa za Marekani pia. New York hufungua kwetu saa kumi na nusu jioni na kufunga saa tano usiku, na kuanzia Novemba hadi Machi, wenyewe wakisharudisha saa nyuma, hufunga saa sita. Kampuni nyingi za huko hutangaza matokeo soko likishafungwa. Nikawa nalala saa nane usiku, naamka saa kumi na moja alfajiri kusomea CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji chenye mtihani wa ngazi tatu ambao kila ngazi wenyewe wanashauri usome kama saa 300.

Mwili ulikataa. Usiku mmoja nilimaliza jedwali la benki iliyokuwa imetoa hisa za bure, moja kwa kila kumi. Faida niliiweka ya mwaka mpya, idadi ya hisa nikaiacha ya zamani. Kisanduku kimoja tu kwenye Excel, na faida kwa kila hisa ikapanda kwa asilimia 10 isiyokuwepo. Nikatuma. Asubuhi bosi alinipigia simu.

"Jana ulilala saa ngapi?"

Nilimwambia ukweli. Sikutegemea swali hilo, wala utulivu aliokuwa nao. Nikamuuliza nililokuwa naliogopa: mtu hupandaje cheo huku? Akanieleza kwamba mchambuzi msaidizi hujaza majedwali, mchambuzi hupewa sekta yake, na mchambuzi mwandamizi hutetea pendekezo lake mbele ya kamati hadi maswali yaishe. Juu yake ni meneja wa hazina, anayeamua na kuwajibika pesa zikipotea. Saa za kukesha hakuzitaja popote.

Jioni hiyo nilishusha kalenda tuliyopewa na duka moja la pembejeo la Kondele, nikachukua kalamu nyekundu. Benki za Kenya hutoa matokeo ya mwaka kufikia mwisho wa Machi, kisha Mei, Agosti na Novemba. Wamarekani hujazana Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Nilipomaliza kuzungushia, wiki nzito hazikufika hata nusu ya mwaka. Mimi nilikuwa naziishi zote hamsini na mbili kana kwamba ni Machi!

Nikakubaliana na mwenzangu wa Nairobi: yeye achukue kampuni za teknolojia za Marekani, mimi nichukue benki zote za Afrika Mashariki. Wiki nyekundu nalala kidogo Nairobi ikishafunga, ndipo nirudi mezani. Wiki nyingine nafunga kompyuta saa kumi na mbili. Na hesabu yoyote niliyoifanya baada ya saa nne usiku haitoki hadi niisome tena asubuhi, nikianza na idadi ya hisa.

Mwaka 2023 nilisimama mbele ya kamati na pendekezo langu kuhusu benki moja. Wakanibana kwa maswali kuhusu mikopo yake isiyolipwa kwa dakika arobaini hivi, nikajibu. Baadaye mwaka huo nikapandishwa kuwa mwandamizi.

Kalenda mpya iko ukutani sasa, Machi ikiwa nyekundu tupu. Ila kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kuna neno moja la buluu, kwa mwandiko wa mama mwenyewe: kliniki.