Noah iliyochemsha Kitonga: kumbukumbu ya kufungua na kufunga injini Mafinga

14 Desemba, Ilula

Watoto wamelala kitanda kimoja, baba yao yuko nje analinda gari, mimi usingizi umegoma. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujitetea.

Tulitoka Dar saa kumi alfajiri kwenda Mafinga kwa wakwe, kula Krismasi. Noah yetu, gari la familia la Toyota, ni ya zamani, injini 3S ya petroli, silinda nne. Kwa wasioijua, injini ya Noah hizi haiko mbele, iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuigusa unanyanyua kiti. Baba Neema aliendesha hadi Morogoro, mimi nikapokea usukani. Mikumi tulipita mwendo wa 50 kama vibao vinavyotaka, watoto wakihesabu twiga. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu vya kumpelekea mama mkwe. Jua la lile bonde la mibuyu lilikuwa utosini tulipoanza kupanda mlima wa Kitonga.

Aliyepita Kitonga anajua kulivyo. Kona baada ya kona, huku mlima, huku korongo, na malori ya mizigo ya Tunduma yanapanda mwendo wa mtu kwa miguu. Tukakwama nyuma ya lori moja, gia ya kwanza, dakika baada ya dakika. Kwenye gari letu mshale wa joto huwa chini kabisa, miaka yote, na mimi nilikuwa nasifia jambo hilo. Safari hii ukapanda. Ukafika nusu, ukapita. Nikamwambia baba Neema, akasema tutafute pa kuegesha, lakini kule huwezi kuegesha popote tu. Ulipokaribia alama nyekundu, ukageuka ukashuka.

Hapa nataka niandike polepole. Mshale ulishuka wenyewe na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti, watoto wakaitikia amina. Nikaendelea kupanda, kama kilomita mbili hivi. Kumbe umeshuka kwa sababu maji yameisha. Kile kidude cha kupima joto kinapima maji yanayokizunguka. Maji yakitoweka kinabaki kwenye hewa na mvuke, kinasoma joto dogo, huku chuma pembeni yake kinaungua. Zile kilomita mbili ndizo zilizoua injini. Ningezima pale mshale ulipopita nusu, leo tungekuwa tumelala Mafinga na ningekuwa nadaiwa mpira mmoja wa rejeta.

Nilihisi joto kwenye mapaja, kupitia kiti. Ikafuata harufu ya mpira unaoungua, kisha injini ikaanza kugonga, ikaishiwa nguvu, ikazima kwenye kona.

Tingo wa lori la nyuma yetu aliruka chini kabla sijamaliza kuvuta hendibreki. Akasukumia jiwe nyuma ya tairi, akakata matawi porini, akayapanga barabarani moja moja kurudi chini hadi ng'ambo ya kona, ili anayekuja atuone kabla hajatufikia. Baba Neema tayari ameshika kitambaa afungue mfuniko wa rejeta. Dereva wa lori akapiga kelele kutoka juu: "Kaka, usiguse! Mvuke utakutoa ngozi ya uso!" Tukasubiri karibu saa nzima. Tulipofungua, ndani hamna tone. Mpira wa chini umepasuka kwenye klipu, urefu wa kidole.

Canter iliyokuwa inapanda tupu ikatuvuta hadi hapa. Dereva wa lori na tingo wake hawakutaka hata soda.

16 Desemba, Mafinga

Gari limefika juu ya Fuso. Fuso hilo lilikuwa limeshusha mbao Dar na linarudi Mafinga tupu, maana huku kwa msitu wa Sao Hill mbao ndiyo kazi ya mji. Tulilipandisha kwa kurudisha Fuso kwenye tuta la udongo na kuweka mbao mbili. Moyo ulinidunda kuliko Kitonga.

Baba mkwe ni fundi mstaafu wa injini za treni, TAZARA. Nilimpigia magoti, nikamsalimia kamwene, kamwene, nikaanza kuomba radhi kwa gari. Hakunijibu hilo. Alinyanyua kiti, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza mbele ya macho yangu. Kwa ndani kimeganda utando mzito, rangi ya chai ya maziwa.

"Hii si ya juzi," akasema. "Hii ni ya siku nyingi. Ulikuwa unaiona?"

"Nilikuwa naiona, Baba."

Ni kweli. Oili huwa nabadilisha mwenyewe uani kwetu, plagi pia, ni kazi ninayoipenda. Nilikuwa nafuta ule utando kwa kitambaa, nafunga, naendelea.

Akasema tutaifungua hapa nyumbani. Vidole vyake siku hizi vinakaza, hawezi kushika spana muda mrefu, kwa hiyo mikono ni yangu, macho na masikio ni yake. Ndipo mradi huu ulipoanza.

18 Desemba

Siku mbili za kufungua. Viti vyote viwili nje. Baba mkwe alikata kipande cha boksi, akachora hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, kwa kalamu, akatoboa matundu kumi mahali pa bolti kumi. Kila bolti niliyotoa Neema aliichomeka kwenye tundu lake. Ana miaka tisa na hakukosea hata moja. Boksi la pili tukafanya la shafti za valvu, maana kofia zake kila moja ina mahali pake.

Hedi ilipong'oka tukaona. Gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, mstari mweusi mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Lakini kilichoniumiza zaidi ni njia za maji. Nusu ya matundu yamezibwa na tope la kutu, na kingo za aluminiamu zimelika kama zimeng'atwa na panya. Dar tunajaza rejeta maji ya kisima, na visima vyetu vina chumvi. Chumvi, chuma na aluminiamu pamoja, halafu joto, miaka sita.

Nikafungua nyumba ya themostati, ile valvu ya maji inayofunguka kwa joto. Tupu.

Nakumbuka siku ilipotolewa. Gari lilikuwa linapata joto foleni, fundi mmoja akaitoa akasema nchi yetu ya joto haihitaji. Nikaona ni sawa, mshale ukashuka. Baba mkwe alinieleza huku ananionyesha kwa kidole. Kwenye injini hii themostati ina kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda rejeta, na mkia wake unaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto yanaweza kurudi injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Barabara ya tambarare injini inakuwa baridi kupita kiasi, unyevu haukauki, ndiyo ile chai ya maziwa kwenye kifuniko. Ukipanda mlima na mzigo, pale unapohitaji kila tone lipite rejeta, sehemu ya maji inazunguka tu na moto wake. Kitabu cha injini hii kinaonya wazi kwamba usiitoe hata kama gari linachemsha. Nimekuwa nacho kwenye simu muda wote huo.

Jioni tulimwaga mafuta ya taa kiasi kidogo kwenye kila silinda, juu ya pistoni, tukaacha hadi asubuhi. Yamepungua sawasawa kwenye zote nne, na kuta hazina mikwaruzo. Ringi za pistoni zimepona. Baba mkwe alifunga mikono nyuma akazunguka gari mara mbili bila kusema kitu, na mimi nilijua ameridhika.

20 Desemba, Iringa

Kabla ya kuja tuliweka rula ya chuma juu ya hedi na kupitisha fila geji, majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi, chini yake. Kitabu kinaruhusu mwisho milimita 0.05. Sisi jani la 0.20 lilipita katikati kama karatasi chini ya mlango. Hedi imepinda. Juu ya bloku, ambayo ni chuma cha kuyeyusha, hata 0.05 haikupita.

Nimeileta kwa fundi mchongaji hapa Ipogolo, nimekuja nayo kwenye basi imefungwa kwenye kanga, nimeipakata. Kwanza aliijaribu kwa presha kutafuta ufa. Ziba matundu, ingiza hewa, tumbukiza kwenye maji. Nilisimama pale naangalia maji na sikupumua vizuri. Halikutoka povu hata moja. Akaichonga mpaka ikawa sawa, na tulipoirudishia rula, jani jembamba kuliko yote halikupita. Pale palipoliwa na kutu amejaza kwa kuchomelea kabla ya kuchonga.

Gasketi, sili za valvu, mpira wa juu na wa chini, belti ya taiming, themostati na mfuniko mpya wa rejeta vimeagizwa Kariakoo, vinakuja na basi.

 

27 Desemba

Krismasi tulikula. Sikugusa spana siku tatu na wala sikuzikosa. Leo ni kusaga valvu. Ni 16, kila moja unaizungusha kwa viganja na udongo wa kusagia hadi ionyeshe mduara wa kijivu usiokatika. Kazi ya kuchosha, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mvua inanyesha, Mafinga ina baridi, tumekaa barazani mimi na baba mkwe na jiko la mkaa katikati, ananisimulia injini za Makambako na Mbeya. Valvu ya kumi na moja aliikataa mara tatu.

28 Desemba

Nilijaribu themostati kwenye sufuria kuukuu ya mama mkwe. Kitu nilichokuwa sijakifikiria: Mafinga iko juu, karibu mita 1,900, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mama mkwe alicheka, akasema ndiyo maana maharage ya huku yanakula kuni. Themostati yetu imeandikwa 82, na kipimajoto kilipofika 82 ikaanza kufunguka, polepole, kama jicho la mtoto anayeamka.

Hapo nikaelewa na mfuniko wa rejeta. Mimi nilidhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake ni kushikilia presha. Wetu mpya ni wa bar 0.9, na kwa presha hiyo ukiwa usawa wa bahari maji hayachemki hadi kama nyuzi 118. Ule wa zamani mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka, haushiki kitu. Kwa hiyo tulipanda Kitonga na maji yanayochemka mapema, yanayotoka kidogo kidogo, mpaka mpira wa chini nao ukakata tamaa.

30 Desemba

Leo tumefunga hedi. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, tumeazima kwa jirani mwenye kiwanda cha mbao. Bolti kumi, unaanzia katikati unakwenda pembeni kwa zamu, hadi 49 za Newton mita. Kisha unaweka nukta ya rangi mbele ya kila bolti na kuzungusha nyuzi 90 zaidi. Bolti ya kwanza niliiogopa, ilivyokuwa inalia. "Vuta, mwanangu, usisite katikati," baba mkwe akasema, mkono wake juu ya wangu. Nukta zote kumi sasa zimeangalia upande mmoja.

2 Januari

Tulisuuza rejeta mpaka maji yakatoka meupe, tukajaza kulanti, ile dawa ya kupoza injini, nusu kwa nusu na maji safi. Oili mpya. Tuliipigisha starta kwanza bila plagi mpaka taa ya oili ikazima. Kisha plagi, kisha ufunguo.

Ikakohoa mara mbili, ikawaka.

Moshi mweupe mwingi, dakika kumi, maji yaliyobaki kwenye ekzosi. Halafu ukakatika. Baba mkwe aliegemeza bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, akafumba macho. Alihama silinda hadi silinda. Alipofumbua alimwita mama mkwe aje asikilize.

Kutoa hewa kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kwa sababu mabomba ya Noah ni marefu kutoka rejeta ya mbele hadi injini ya chini ya viti. Tulipandisha pua ya gari kwenye tuta, hita ya ndani ikiwa wazi, tukaongeza kulanti hadi mapovu yakaisha. Mshale ukapanda, ukakaa chini kidogo ya nusu, ukatulia hapo. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka.

6 Januari, Dar

Tumefika. Kushuka Kitonga niliendesha mimi, gia ndogo. Neema akaionyesha ile kona, na pembeni ya lami bado kulikuwa na matawi makavu. Mshale haukusogea kutoka Mafinga mpaka nyumbani. Asubuhi hii, injini ikiwa baridi, nimefungua mfuniko na kulanti iko palepale.

Oili mpya nitaimwaga kwenye kilomita 1,000 niione rangi yake. Kuna unyevunyevu wa oili nyuma ya kifuniko cha valvu, tone moja kwenye boksi nililotandika chini. Gasketi yake nimeshanunua. Jumamosi nanyanyua kiti.