Namna Nilivyoielewa Misingi ya Saikolojia ya Haiba Nikifundisha Lindi

Nilipojiunga na masomo ya saikolojia ya elimu kwa njia ya masafa, huku nikiendelea kufundisha sekondari hapa Lindi mjini, somo lililonielemea kuliko yote lilikuwa la misingi ya nadharia za haiba. Nilikariri fasili za wanazuoni moja baada ya nyingine, na katika mtihani wa kwanza nikaziandika zote. Hata hivyo nilifeli, kwa sababu swali liliuliza fasili hizo zinajibu tatizo gani, jambo ambalo sikuwahi kujiuliza.

Nilianza upya na neno lenyewe. Mtaani tukisema mtu ana haiba, tunamaanisha kuwa anapendeza na ana mvuto. Katika saikolojia, haiba ni namna ya kudumu ambayo mtu hufikiri, huhisi na kutenda, awe anavutia au havutii. Neno tabia nalo hubeba mambo mawili kwa pamoja, yaani kitendo kinachoonekana na chanzo kilichomo ndani ya mtu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema kwamba mwanafunzi fulani hamalizi kazi zake kwa sababu ni mvivu, na kama ningeulizwa nimejuaje kuwa ni mvivu, ningejibu kuwa hamalizi kazi zake. Hapo sikuwa nimeeleza sababu yoyote. Nilikuwa nimekipa jina kitendo kilekile. Anayedai kwamba sifa fulani ndiyo chanzo cha kitendo hana budi kuonyesha ushahidi wa sifa hiyo mahali pengine, kwa wakati mwingine, au kwa macho ya watu wengine.

Kisha nikasoma kwamba mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza na kukusanya maneno 17,953 yanayoweza kumtofautisha mtu na mwenzake, wakayagawa katika safu nne: sifa za kudumu, ambazo zilifikia 4,504, hali za kupita, maneno ya kusifu au kulaumu tu, na yaliyobaki. Nilichukua daftari la kurasa 96, nikalipiga mistari ya safu nne, na kwa muda wa miezi miwili nikaandika kila neno la Kiswahili nililosikia likisemwa juu ya mtu, sokoni, msibani na katika ofisi ya walimu. Mchoyo, msiri, mbishi, mdadisi na mwoga vilikaa safu ya kwanza bila taabu. Amenuna na ameghadhibika vikaenda ya pili, maana kiambishi -me- chenyewe kilinionyesha kuwa ni jambo lililomfika mtu na ambalo litamwondoka. Lakini "ana hasira" ilinishinda kwa siku kadhaa, kwani twaweza kusema hivyo kwa mtu aliyeudhika asubuhi ya leo, na pia kwa mtu ambaye ndivyo alivyo tangu utoto wake. Ni hapo, juu ya maneno hayo mawili, nilipoelewa tofauti ya sifa na hali vizuri kuliko nilivyoielewa kwa kusoma kitabu kizima.

Daftari hilo halikunisaidia kwa kijana mmoja wa kidato cha pili. Darasani hakuwahi kunyoosha mkono, na akiulizwa alijibu kwa sauti ya chini huku akitazama dawati, nami nilikuwa nimemwandika "mnyamavu" katika safu ya kwanza. Jumamosi moja nilipanda boti ya kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, nikamkuta akimsaidia mjomba wake. Alisimama ukingoni akipanga abiria kwa sauti iliyosikika hadi ufukweni, akamwambia mzee mmoja, "Shikamoo babu, sogea katikati, boti inalala upande wako," na mzee akasogea.

Niliporudi nyumbani nilisoma tena sura inayomhusu mwanasaikolojia Walter Mischel, ambaye mwaka 1968 alieleza kwamba vipimo vya sifa za mtu vina uwiano mdogo na kitendo chake katika mazingira mahususi, mara nyingi kiasi cha 0.30 hivi, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana kikamilifu. Wengine walimjibu, na Seymour Epstein mwaka 1979 alionyesha kwamba wastani wa matendo ya siku nyingi hutabirika vizuri zaidi kuliko tendo moja; hoja hiyo naikubali, kwa kuwa hakuna mwalimu anayempima mwanafunzi kwa swali moja. Hata hivyo, jibu lililonifaa zaidi ni la Mischel mwenyewe akiwa na Yuichi Shoda, mwaka 1995, kwamba uthabiti wa mtu waweza kukaa katika mpangilio wa "ikiwa hivi, basi vile", yaani akiwa katika hali ya aina fulani hutenda kwa namna yake ileile. Ukimwona kijana yule kwa wastani, utamwona mtu wa kati tu, asiye mnyamavu wala msemaji, na mtu huyo hayupo popote, si darasani wala kwenye boti.

Mtihani wa marudio niliufaulu. Mwisho wa muhula, nilipofika kwenye sehemu ya tabia na mwenendo katika ripoti yake, ambako muhula uliotangulia niliandika "mkimya, ajitahidi kushiriki", niliandika: "Huzungumza kwa kujiamini anapokuwa na jukumu analolimudu." Wiki iliyofuata nilimkabidhi usimamizi wa vifaa vya maabara.