Nililizunguka jengo mara tatu

Anwani nilikuwa nayo tangu wiki mbili nyuma, kwenye karatasi niliyoikunja na kuikunjua hadi ikaanza kuchanika. Niliipata kwenye tovuti ya Alcoholics Anonymous, kikundi cha watu wanaokutana na kusaidiana kuacha pombe. Kilichonichelewesha ni kutojua kwamba mikutano ni ya aina mbili: ya wazi, ambayo hata ndugu anaweza kukusindikiza, na ya faragha, ya wenye tatizo la pombe peke yao. Nilimtaka dada yangu awe kando yangu, nikachagua wa wazi. (Piga simu kwanza uhakikishe, maana ratiba hubadilika.)

Nililizunguka jengo mara tatu. Mara ya nne dada akanishika mkono tukaingia.

Mikono ilinitetemeka nikaikalia. Mzee mmoja akanisogezea kiti karibu na mlango, akaninong'oneza: "Ukizidiwa, toka tu, mwanangu. Hakuna atakayekuuliza." Sikutoka. Hawakuniuliza jina la ukoo, wala hakuna ada. Sharti ni moja, uwe na nia ya kuacha kunywa. Walevi wawili walianza hivyo Akron, Marekani, mwaka 1935, wakizungumza tu.

Kama unakunywa sana kila siku, tafadhali muone daktari kabla ya kuacha ghafla. Mwili unaweza kupata degedege.

Tulipoachana, mzee aliandika namba yake ya simu nyuma ya ile karatasi yangu. Nimeibandika gundi palipochanika. Kesho ni Jumanne tena, nitawahi.