Silanga ya maji ya kunywa haisafishwi mtungini

Wenye silanga, yaani bwawa dogo la kuchimbwa la kuhifadhi maji ya mvua, huuliza sana kuhusu dawa: nitie vifuniko vingapi vya klorini kwenye mtungi wa lita 20? Swali ni la haki, ila limewekwa mwisho wa safari. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, klorini huishia kwenye tope na majani yaliyooza, na vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe za udongo haivifikii. Ukizidisha dawa ili kufidia, maji yananuka, watoto wanayakataa, wanakwenda kunywa yale yasiyotiwa kitu. Kwa hiyo tuanze juu yanakotoka maji, tuteremke nayo pole pole hadi kwenye kikombe.

Mifano hapa ni ya Ukambani: Machakos, Makueni, Kitui. Mvua huko huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wengi huitegemea kujaza silanga. Ndugu wa Dodoma au Singida wanaoita lambo wana kazi ile ile, isipokuwa msimu wao wa mvua ni mmoja na akiba yao lazima ikae muda mrefu zaidi.

Jua hunywa kuliko familia

Chukua silanga yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 12 juu, kina mita 3, kuta zake zikilala mita 1.5 kwa kila mita 1 ya kwenda chini. Sakafu inabaki mita 11 kwa 3, na silanga ikijaa inabeba takriban lita 369,000. Familia ya watu 6, kila mmoja lita 20 kwa siku, inatumia lita 120, yaani mitungi sita.

Sasa hesabu jua. Wakati wa kiangazi, kupoteza milimita 6 kwa siku ni jambo la kawaida sehemu hizi. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Uso wa mita za mraba 240 unapoteza lita 1,440 kila siku: mitungi 72, mara kumi na mbili ya matumizi ya nyumba nzima. Kiasi hicho hupungua jinsi maji yanavyoshuka na uso kuwa mdogo, lakini kwa siku 150 za ukavu kina kinachopotea ni karibu sentimita 90. Silanga ya mita 1.5 inabaki na kidimbwi cha maji ya moto yaliyovurugwa na upepo, na hapo ndipo ukijani na uvundo huanzia. Kama mfuko unaruhusu kuongeza upande mmoja tu, ongeza kina. Neti ya kivuli iliyotandazwa juu ya nyaya husaidia mara mbili, kwani hupunguza kukauka na huwanyima mwani jua. Mikaratusi isiwe karibu kabisa, maana mizizi yake hufuata maji.

Maji yakishuka kwa kasi, usiseme moja kwa moja kwamba silanga inavuja. Pima. Weka beseni lenye maji juu ya mawe pembezoni, ndani ya maji ya silanga, mdomo wake ukiwa juu ya uso wa maji. Weka alama ndani ya beseni na alama nyingine kwenye kijiti kilichosimikwa silangani. Siku nzima pasichotwe maji wala kunyweshwa ng'ombe. Ikiwa beseni limeshuka milimita 6 na silanga milimita 20, zile 14 zimepita ardhini.

Dawa ya kuvuja ni mfinyanzi. Lowesha udongo, uviringishe uwe kama penseli, kisha ukunje uwe pete, usipopasuka, unafaa. Tandaza tabaka la sentimita 15, lowesha kidogo, shindilia mpaka kisigino kisizame, halafu tabaka la pili na ikiwezekana la tatu. Wengi hutandaza sentimita 30 kwa mara moja na kuzishindilia juu juu. Chini kunabaki udongo mlegevu na maji hupita kana kwamba hakuna kilichofanyika. Silanga ya mfinyanzi pia isiachwe ikauke kabisa, maana sakafu hupasuka na mvua ya kwanza yote huzama kwenye nyufa.

Anayetandika karatasi nzito ya plastiki aondoe kwanza kila jiwe na mzizi, amwage mchanga laini chini yake, na kingo azizike kwenye mtaro wa sentimita 50 kwa 50. Kisha afanye jambo ambalo wengi huliahirisha: kamba nene yenye mafundo, ifungwe kwenye vigingi imara na kuning'inia hadi sakafuni, pande zote mbili. Plastiki yenye maji huteleza kama sabuni. Hata mtu mzima anayejua kuogelea hawezi kupanda kutoka humo bila kitu cha kushika. Kamba na uzio wenye lango la kufungwa viwepo kabla tone la kwanza halijaingia.

Yanakotoka

Eka moja ina takriban mita za mraba 4,000. Mvua ya milimita 30 huangusha juu yake lita 120,000, na kwenye nyasi fupi labda moja ya tano ndiyo hutiririka, yaani lita 24,000. Kwa hiyo eka tatu na mvua tano za aina hiyo karibu zinaijaza silanga yetu. Huna haja ya kuvuta maji ya kijiji kizima. Chagua uwanda wa nyasi au mwamba, na ukate kwa mtaro maji yote yanayopita kwenye boma la ng'ombe, choo, au shamba la nyanya linalopuliziwa dawa. Hakuna chujio la nyumbani la kutegemea kwa dawa za shambani. Njia ni kuzizuia zisiingie.

Kabla ya mlango wa silanga chimba mashimo mawili ya kunasa tope, moja nyuma ya jingine, kila moja urefu mita 2, upana mita 1.5, kina mita 1. Upande wa juu wa mashimo hayo panda ukanda wa vetiva au nyasi nyingine za kushikana. Maji yakipunguza mwendo, mchanga unaanguka shimoni. Uzoe baada ya kila mvua kubwa. Shimo lililojaa ni sawa na kutokuwa na shimo. Pale maji yanapoingilia panga mawe ili yasichimbe ukuta.

Mvua ya kwanza ya msimu isiingie. Inafagia samadi ya miezi mingi, mizoga ya panya, majani na vumbi. Ziba mlango kwa magunia ya mchanga, iache ipite pembeni. Inauma kuona maji yakienda baada ya kiangazi kirefu, lakini maji hayo ndiyo yanayorutubisha mwani utakaokusumbua Februari.

Tuta nalo lina adui mmoja mkuu: maji kupita juu yake. Njia ya kumwagia ziada iwe pana, ya nyasi, na sakafu yake iwe chini ya kilele cha tuta kwa sentimita 50 angalau. Bomba moja la plastiki halitoshi, linazibwa na majani usiku wa mvua. Usipande miti juu ya tuta, mizizi ikioza huacha mirija. Panda ukoka, na uzibe matundu ya fuko na mchwa yakiwa bado madogo.

Mifugo wote wanywe nje ya uzio, kwenye birika lililo chini ya tuta, maji yakishuka yenyewe kwa bomba. Ng'ombe akiingia hunya, hukojoa, na kwato zake huvunja kingo na kupasua mfinyanzi au plastiki.

Kuchota

Mtungi uliokaa uani na kuzamishwa silangani huingiza kilichoganda chini yake. Acha kuzamisha mitungi. Tumia pampu ya mkono au ya miguu, na bomba laini la inchi 1 lililofungwa kwenye mtungi mtupu wa lita 5 uliozibwa vizuri, ili lielee. Mdomo wa bomba uning'inie sentimita 40 chini ya uso, ukiwa umefunikwa kwa neti. Juu kabisa kuna povu, mwani na mayai ya mbu. Chini kabisa kuna tope lisilo na hewa, lenye harufu ya mayai viza. Maji mazuri yako katikati, na bomba linaloelea huyafuata silanga inavyoshuka.

Kwenye silanga ya udongo kuna njia bora zaidi: kisima kidogo pembeni, kilichounganishwa na silanga kwa mtaro uliojazwa kokoto na mchanga safi wa mtoni. Maji hufika kisimani yakiwa yameshachujwa. Kwa silanga ya plastiki njia hii haiwezekani.

Kichocho kinahitaji neno lake. Konokono hukaa kwenye majani ya ukingoni, kwa hiyo ng'oa matete na magugu yote ya majini, na mtu asioge wala kufua humo. Viluwiluwi vya kichocho vinavyotoka kwa konokono hufa visipompata mtu ndani ya saa 48. Kwa sababu hiyo weka mapipa mawili ya lita 200 yenye vifuniko vya kubana: moja linapumzika siku mbili kamili huku mnatumia jingine. Lita 40 kwa siku za kunywa na kupika zinatosha familia ya watu 6, hivyo pipa moja linaivusha siku hizo bila shida. Tope nalo linatuama bure. Perege wachache silangani hula viluwiluwi vya mbu, lakini wasilishwe chochote. Kambare wasiwemo, hufukua tope.

Sasa ndiyo dawa

Jaza chupa angavu ya lita 2, isimamishe juu ya gazeti, tazama kwa mdomo wake. Ukiona herufi kubwa za kichwa cha habari, maji yanafaa kwa chujio na klorini. Usipoziona, yatuamishe kwanza.

Mlonge hufanya kazi hiyo vizuri. Chukua mbegu zilizokaukia mtini, toa maganda, twanga zile nyeupe za ndani. Kwa maji yenye ukungu wa wastani tumia mbegu 1 kwa lita 2, kwa machafu mbegu 1 kwa lita 1. Koroga unga na maji safi kidogo, uchuje kwa kitambaa, mimina kwenye maji ya kutumia siku hiyo, koroga kwa nguvu dakika 2, kisha taratibu dakika 10 hadi 15, uache saa moja au mbili. Unga wa jana hauna nguvu. Maji hayo yatumiwe ndani ya siku moja, maana mabaki ya mbegu huoza. Shabu hudumu zaidi na huhitajika kidogo: anza na gramu 1 kwa lita 20, na ujaribu kwenye ndoo moja kabla ya pipa zima.

Baada ya hapo chujio la mchanga, ukiwa nalo. Linahitaji wiki tatu hadi nne kabla utando hai wa juu haujakomaa, na maji yasimame sentimita 5 juu ya mchanga hata wakati halitumiki. Litilie maji kila siku. Kamwe usilitilie yenye klorini, utaua utando unaokufanyia kazi.

Klorini ni ya mwisho. Ukitumia WaterGuard, fuata lebo. Ukitumia Jik isiyo na manukato yenye nguvu ya 3.5%, mililita 1.2 kwa lita 20 za maji angavu inatosha, ikipimwa kwa sirinji, kisha subiri dakika 30. Harufu hafifu ibaki. Isipobaki, maji bado ni machafu: rudi kwenye kutuamisha badala ya kuongeza dawa. Kwa mtoto mchanga na mgonjwa, chemsha pia, mpaka yatokote kwa dakika moja, kwa sababu vimelea vingine vya kuharisha huvumilia klorini.

Kuna hali moja ambayo hatua zote hizi hazitoshi. Uso wa maji ukiwa kama umemwagiwa rangi ya kijani, chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi kama nywele, ni mwani wa kawaida, uvute kwa reki. Kikitoka kimepakwa rangi, acha kunywa, na mifugo wasinywe. Sumu ya kijani hicho haiondoki kwa kuchemsha, na ukitia mrututu kuua mwani, seli hupasuka na sumu yote humwagika majini. Tumia maji ya tangi la paa hadi silanga itulie, na utafute samadi au mbolea inaingilia wapi.

Septemba, maji yakiwa kidogo, zoa tope la sakafuni kwa majembe mapana na ulipeleke shambani, lina rutuba. Simama pale rangi inapobadilika na jembe kuanza kuteleza, huo ni mfinyanzi wenyewe. Kisha zoa mashimo ya tope, fyeka njia ya ziada, kagua kamba, na uyapange magunia mlangoni kabla mawingu ya Oktoba hayajakusanyika.