Kadi za Osaka, awamu ya tatu: mlango kwanza, chakula baadaye

Mradi ni uleule: kadi moja kwa kila kijiwe cha kula au kunywa jijini Osaka, Japani, vile vidogo vya viti vinane mpaka kumi na vitano ambavyo mtu huingia, akala, akalipa na kumwachia mwingine nafasi. Awamu mbili za mwanzo kadi zilijibu swali moja tu, chakula ni kitamu au la. Nyingi zimetupwa. Utamu Osaka si shida. Shida ni kufika saa nane na robo mchana ukakuta pazia limeshaingizwa ndani. Kwa hiyo sasa kadi inaanza na mlango, inafuata pesa, ndipo chakula.

Mlango. Pazia fupi la kitambaa mlangoni, noren, ndiyo saa ya duka. Likining'inia nje, wanahudumia. Likiwa ndani, hata taa zikiwaka na sufuria ikitoa mvuke, wamefunga. Kibao cha 営業中 maana yake wako kazini. Cha 準備中 maana yake "tunaandaa", na mgeni hukisoma kwa matumaini akasimama kungoja. Hiyo ni namna ya adabu ya kusema hatujafungua, au tumeshafunga. Siku ya mapumziko huandikwa 定休日 ikifuatiwa na herufi ya siku: 月 Jumatatu, 火 Jumanne, 水 Jumatano, 木 Alhamisi. Nne hizo zinatosha kuanzia. Chakula cha mchana huishia mara nyingi 14:00, jioni hufunguliwa 17:00, na oda ya mwisho hukatwa takriban nusu saa kabla ya kufunga. Saa nimeziacha kwa mtindo wao, maana ndivyo kibao kinavyosomeka.

Pesa. Safu ya 現金のみ, yaani taslimu tu, imejaa kuliko zote. Penye mashine ya tiketi, tumbukiza pesa kwanza ndipo vitufe viwake; ukibonyeza kabla, hakuna kitu. Noti mpya zilitoka Julai 3, 2024, na mashine kuukuu ambazo hazijabadilishwa huzirudisha zilivyo. Nyingine hazipokei zaidi ya noti ya yeni 1,000. Dawa ni kutembea na noti za elfu kadhaa na sarafu za mia. Kodi ni asilimia 10 ukila ndani na 8 ukibeba, tangu Oktoba 2019. Kwenye baa, kibakuli kidogo kinacholetwa bila kuagizwa ni tsukidashi, kwa kawaida yeni 300 mpaka 500, na kimo kwenye bili. Si zawadi.

Mtaa wa Shinsekai. Kadi zimekamilika. Shuka stesheni ya Dobutsuen-mae, pita uchochoro wa Janjan Yokocho, utatokea karibu na mnara wa Tsutenkaku, huu wa 1956 uliochukua nafasi ya ule wa 1912. Hapa chakula ni kushikatsu: kipande kwenye kijiti, rojo ya unga, chenga laini za mkate, kisha mafuta ya moto. Duka la Daruma lipo mtaani hapa tangu 1929. Sosi ni nyepesi, nyeusi, na kanuni ni moja: chovya mara moja, kabla hujang'ata, kwa kuwa bakuli la sosi ni la wote. Ikipungua, chukua jani la kabichi mbichi lililoko mezani, uchote nalo sosi umwagie juu ya kijiti. Tangu korona maduka mengi yamebadili, yanaweka chupa ya kumiminia. Wanaolalamika kwamba ladha ya mtaa imekufa wanatia chumvi.

Agiza vijiti vitatu vitatu, kwa sababu ukiagiza kumi kwa mpigo vya mwisho vinalainika. Usiache beni shoga, tangawizi nyekundu ya siki iliyokaangwa, wala mzizi wa yungiyungi. Yai la kware na nyanya subiri kidogo, ndani ni moto kuliko nje unavyoonyesha. Vijiti vitupu viweke kwenye kopo lake, kuna maduka yanayopiga hesabu kwa kuvihesabu.

Safu ya nguruwe. Hii imenilazimu kurudia kadi zote za okonomiyaki, chapati nene ya rojo na kabichi inayopikwa juu ya bamba la chuma. Osaka ukisema niku, nyama, watu husikia ng'ombe. Nguruwe huitwa buta, ndiyo maana andazi la mvuke lenye nyama ya nguruwe ni butaman huku, ilhali Tokyo ni nikuman. Kwenye ubao, 豚 ni nguruwe, 牛 ni ng'ombe. Ila kuagiza ikatama, ya ngisi, hakutoshi kwa anayejali: chuma cha kupikia ni kilekile, na huenda kimepakwa mafuta ya nguruwe. Mafuta ya kushikatsu nayo mara nyingi huchanganywa na ya wanyama. Kadi sasa ina alama tatu: nyama, mafuta, chuma.

Penye meza zenye chuma ambapo mteja hujipikia, koroga kidogo tu mpaka kabichi ishikane. Ukizidisha kukoroga, unga unakuwa mnato na kitu kinatoka kama ubao. Unene sentimita 2 hivi, kisha kiache. Kosa kubwa ni kukandamiza kwa mwiko: mvuke unatoka, kabichi inashindwa kuiva kwa mvuke wake, unapata chapati nzito. Mpishi akija kukipindua mwenyewe, mwachie.

Takoyaki. Pweza watu wa pwani tunamjua, ila hapa ni kipande kimoja ndani ya tonge la rojo, na rojo ya Osaka ni nyepesi ajabu. Kipimo cha nyumbani kinachokaribia ni gramu 200 za unga wa ngano, mayai 2, na mililita 800 za dashi, yaani mchuzi mwepesi wa mwani wa kombu na samaki mkavu. Ikimiminwa hufurika juu ya vishimo vyote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Geuza robo kwanza, rojo ya ndani imwagike chini ijenge upande wa pili, ndipo uendelee. Chuma kikiwa baridi inaganda na kuchanika. Duka la Aizuya, linalotajwa kuwa asili ya takoyaki mwaka 1935, huuza bila sosi, ladha imo kwenye rojo. Kadi inaandika "sosi" au "bila" kwa sababu hiyo. Ukipewa vijiti viwili, tumia vyote viwili: kwa kimoja tonge linazunguka. Toboa juu mvuke utoke, hesabu mpaka ishirini. Na kula hapohapo kibandani, mapipa ya taka mtaani ni adimu, trei wataipokea wao.

Mtaa wa Tenma. Kadi ziko nusu tu. Barabara ya maduka ya Tenjinbashisuji ina urefu wa kilomita 2.6 hivi, na vichochoro karibu na stesheni ya Tenma vimejaa tachinomi, baa za kusimama. Kuna zile za kulipa papo kwa papo: weka noti kwenye trei mbele yako, mhudumu hukata kila anapoleta. Simama ubavu ubavu, mfuko chini miguuni. Ukimaliza glasi na hutaki nyingine, ondoka. Kupiga soga juu ya glasi tupu ndiko kunakokera. Walio chini ya miaka 20 hawapewi pombe, na penye ruhusa ya kuvuta sigara hawaingii kabisa, hata kwa chakula. Anayesafiri na watoto aitazame safu ya sigara kwanza.

Asubuhi. Kadi chache, nzuri. Mikahawa ya zamani, kissaten, hutoa "moningu" mpaka kama 11:00: tosti nene na yai la kuchemsha kwa bei ya kahawa au kuzidi kidogo. Osaka pia ndiyo nyumbani kwa mikkusu jusu, maziwa yaliyosagwa na ndizi na matunda mengine, mara nyingi ya kopo. Ya kopo si kasoro, ndiyo ladha yenyewe.

Kinachofuata ni Tsuruhashi, nyama ya kuchoma ya mtaa wa Wakorea. Safu mpya imeshachorwa: moshi, na kama duka hutoa mfuko wa kufungia koti.