Wale watoto 30

Sista ametoka kubadilisha mfuko wa dawa sasa hivi, kakagua laini ya kifuani kwa mwanangu, kakagua pampu, kaondoka. Hii dawa inaingia mfululizo usiku na mchana kwa siku 28, kwahiyo hata kunyonya ananyonya na mipira yake, nimeshajua kumgeuza bila kuivuta.

Inaitwa blinatumomabu. Niliposikia lukemia, yaani saratani ya damu, nilijua ni ileile ambayo watoto wengi wanapona, kumbe ikimpata mtoto hajafikisha mwaka ni habari nyingine kabisa, wengi wao wana hitilafu kwenye jeni ya KMT2A, kipande cha kromosomu ya 11 kinakatika kinaenda kuungana na pengine, na inaanza mtoto akiwa bado tumboni. Hilo la tumboni liliniumiza sana jamani. Dokta akaniambia mama, hakuna ulichofanya.

Kemo yenyewe, zile dawa kali za saratani, inapiga kila seli inayogawanyika haraka, mdomo ulimjaa vidonda hadi akawa analilia ziwa alafu akipewa analikataa. Hii blinatumomabu ina pande mbili, upande mmoja unashika seli T, askari wa kinga yake mwenyewe, wa pili unashika seli B zenye alama ya CD19, zikiwemo zile za saratani, zikishakutanishwa kinga inaua. Inaua na seli B zenye afya pia, nazo ni za kinga, ndo maana maambukizi bado tunayaogopa, na kemo itaendelea baada ya hapa.

Ripoti ya kuijaribu dawa hii kwa wachanga ilitoka 2023. Watoto wachanga 30 kutoka nchi tofauti walipewa raundi moja juu ya kemo ya kawaida, baada ya miaka 2 asilimia 93 walikua hai, wakati waliotangulia kwa kemo peke yake ilikua kama 66. Ni wachache, najua, na hakukua na kundi la kulinganisha papo hapo. Ila nawawaza wale wazazi, maana kuna mtu alikaa kwenye kiti kama hiki mtoto kamlalia, akaambiwa dawa hii haijajaribiwa hivi kwa wachanga, na akakubali. Mwanangu anapata dawa leo kwasababu yao.

Mchana nililetewa fomu ya kuhifadhi sampuli za damu na uboho wake kwa utafiti. Nimesaini, alafu nikamwomba dokta akae anieleze zitapimwa nini.