Kipimatetemeko cha Gongo la Mboto: kumbukumbu ya miezi tisa

12 Januari 2025

Leo nimechimba shimo. Lipo nyuma ya nyumba, hatua saba kutoka ukuta wa jiko, lina kina cha sentimita 80, na chini yake nimemwaga zege ambalo litakaa wiki nzima kabla ya kuwekewa kitu chochote. Naandika kumbukumbu hii tangu mwanzo kwa sababu mradi huu una mwenyewe, na mwenyewe ni mama yangu mdogo anayeishi Bukoba, ambaye tangu tarehe 10 Septemba 2016 hajapata usingizi wa kushiba.

Siku hiyo, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lenye kitovu karibu na Nsunga liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, nyumba nyingi zilianguka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Mama mdogo alikuwa uani akianua maharage, akaona ukuta wa jirani ukilala chini kama mkeka unaotandikwa. Alitoka mzima. Kilichomchosha ni yaliyofuata, kwani mitetemo midogo iliendelea kuja kwa siku nyingi, akawa analala nje na wajukuu, na hata baada ya kurudi ndani aliendelea kulala na nguo za kutokea. Mpaka leo, ardhi ikicheza kidogo au akidhani imecheza, hunipigia simu, na baada ya kuitikia shikamoo yangu swali lake huwa ni lile lile: “Mwanangu, imetikisika tena. Ile kubwa inakuja?”

Kwa miaka mingi nilimjibu kwamba haiji, nikijua kwamba nasema nisichokijua. Sasa nimeamua kutengeneza vyombo viwili vya kupima mitetemo, kimoja nikijaribie hapa Dar es Salaam na cha pili nikipeleke kwake, ili angalau tuweze kutenganisha tetemeko la kweli na lori la mchanga linalopita barabarani.

2 Machi

Kifaa kikuu cha mradi huu ni jiofoni. Kariakoo sikuipata, nikaiagiza nje, na ilipofika nilishangaa kuona kwamba inaenea kiganjani. Ni kopo la chuma lenye sumaku iliyoshikamana na kopo lenyewe, na koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inayoning'inia ndani kwa springi laini. Ardhi ikisogea, kopo na sumaku husogea nayo, koili hubaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo ya mwendo huzalisha umeme mdogo mno. Umeme huo unapitia amplifaya, unageuzwa kuwa namba mara 100 kwa sekunde, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyopo dirishani, inazihifadhi. Betri ya solari inashikilia mtambo wote umeme unapokatika.

Jambo lililonichukua siku nne ni rezista moja tu. Bila rezista inayounganisha ncha mbili za koili, koili huendelea kucheza yenyewe baada ya kuguswa mara moja, na mchoro unaonyesha mtetemo mrefu ambao ardhi haikuufanya. Nilijaribu rezista tisa, nikigonga sakafu kwa kisigino na kutazama mchoro, mpaka nilipopata ile inayoifanya koili irudi na kutulia mara moja. Nimeifunga kwa lehemu na sitaigusa tena.

Wiki ya kwanza ya kurekodi imenifundisha kwamba mtaa wangu haulali. Kuanzia saa 10 alfajiri barabara ya kuelekea mjini inaanza kuunguruma, na mstari kwenye mchoro unanenepa hadi usiku. Pampu ya maji ya jirani huandika mstari ulionyooka kama rula. Ndege zinazoshuka uwanjani zinasikika pia, ingawa ziko angani, kwa kuwa mvumo wake unatikisa mabati na mabati yanatikisa ukuta. Treni ndiyo nzuri kuliko zote: huanza kwa mnong'ono, hupanda taratibu, hufika kileleni, kisha hushuka taratibu vile vile. Nimezikata na kuzihifadhi treni 30 katika faili moja, kwa sababu nataka nizijue kama ninavyojua sauti ya mlango wangu.

20 Aprili

Masika yameingia shimoni. Maji yalifika juu ya viunganishi vya waya na nimepoteza wiki mbili za kumbukumbu. Jiofoni yenyewe imepona. Sasa imo ndani ya kipande cha bomba la plastiki la inchi sita, kimesimikwa kwenye zege na kuzibwa kwa silikoni, na nimejenga ukingo wa matofali kuzunguka mdomo wa shimo.

Jirani yangu, mzee aliyekaa hapa tangu mtaa ulipokuwa mikorosho, alikuja kuuliza nimezika nini. Nilipomweleza, alikaa kwenye ukingo wa shimo na kunikumbusha usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, muda mfupi baada ya saa 2, jiji lilipotikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.0 lililotokea baharini, kusini-mashariki mwetu. Mimi nakumbuka maji yakipiga kuta za simtanki na mbwa wote wakinyamaza kwa pamoja. Yeye alitoka mbio akidhani ni mabomu, kwa sababu kwa watu wa Gongo la Mboto ardhi inapotikisika usiku wazo la kwanza huwa ni tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha lilipolipuka. Aliniambia kwamba aliposikia ni tetemeko alishukuru Mungu na kurudi kulala. Nimelifikiria sana jambo hilo. Tetemeko la hapa lilikuwa kubwa kidogo kuliko la Kagera kwa namba, lakini lilitokea mbali na kuta zetu, na la Kagera lilitokea chini ya nyumba za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Mtu anayeuliza kuhusu tetemeko kubwa anapaswa kuuliza kwanza kuhusu ukuta ulio karibu na kitanda chake.

8 Juni

Nimelipata. Alhamisi usiku, nyumba nzima ikiwa imelala na treni ya mwisho ikiwa imeshapita, mstari ulikuwa mwembamba kama uzi, kisha ghafla, bila mnong'ono wowote wa kutangulia, ukaruka. Ulitetemeka haraka haraka kwa sekunde 19, ukaanza kufifia, kisha ukapigwa tena na pigo la pili lililokuwa karibu mara tatu ya lile la kwanza, na baada ya hapo ukawa na mkia mrefu uliopungua polepole kwa zaidi ya dakika moja. Hapana treni inayofanya hivyo. Nililinganisha na faili langu lote, treni moja baada ya nyingine, ingawa nilikuwa najua tayari.

Mapigo hayo mawili ni aina mbili za mawimbi zinazotoka pamoja na kusafiri kwa kasi tofauti. Mawimbi ya P husukuma na kuvuta mwamba kama treni inayogonga mabehewa yake, na huenda takriban kilomita 6 kwa sekunde. Mawimbi ya S huutikisa mwamba kwa upande, ni makali zaidi, na huenda takriban kilomita 3.5 kwa sekunde. Kadiri tetemeko linavyokuwa mbali, ndivyo la pili linavyochelewa, na kila sekunde moja ya kuchelewa ni kama kilomita 8.4 za umbali. Sekunde 19 ni takriban kilomita 160. Upande gani, chombo kimoja hakiwezi kusema, kwa hiyo nilichora duara kwenye ramani na kuacha hapo. Hakuna mtu nyumbani aliyehisi chochote, na asubuhi yake nilipowaonyesha watoto mchoro, binti yangu aliweka kidole juu ya pigo la pili na kukiacha hapo muda mrefu.

Nilimpigia simu mama mdogo siku hiyo hiyo. Nilitegemea afurahi, akafurahi, kisha akasema jambo ambalo nimelisikia pia kwa watu wengine wengi: “Afadhali. Ardhi ikipumua kidogo kidogo, haitakuja kupasuka kwa nguvu.”

Sikutaka kumjibu kwenye simu, kwa kuwa ni imani inayompa usingizi, lakini kwenye kumbukumbu hii lazima niandike hesabu yake. Kila hatua moja ya ukubwa ni nishati mara 32 hivi, na hatua mbili ni mara 1,000 hivi. Ili matetemeko ya ukubwa wa 4 yatoe nishati ya tetemeko moja la 6, yangehitajika 1,000, ilhali kwa kawaida ya ardhi, kila unaposhuka hatua moja idadi huongezeka takriban mara 10 tu, yaani kwa kila tetemeko la 6 hutokea kama 100 ya ukubwa wa 4. Madogo hayalipi deni la kubwa. Wala hayatangazi kwa hakika kwamba kubwa li njiani: California, ambako jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi, takriban tetemeko moja kati ya 20 ndilo linalofuatwa na kubwa zaidi yake katika siku chache zinazofuata, na mengine 19 hupita yakawa yamepita. Hakuna anayeweza kusema ni lipi wakati linapotokea.

3 Agosti

Usiku wa tarehe 30 Julai, saa 8:24 kwa saa zetu, Kamchatka ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8. Asubuhi nilifungua rekodi nikitegemea kuona maajabu, na sikuona kitu isipokuwa pampu ya jirani. Sababu zipo mbili. Jiofoni yangu imetengenezwa kusikia mitetemo ya haraka, ya mara 4.5 kwa sekunde na kuendelea, na mawimbi yanayotoka mbali kiasi hicho hufika yakiwa yamekuwa ya polepole mno. Pia Dar es Salaam iko karibu digrii 114 kutoka Kamchatka kwa mzingo wa dunia, na kiini cha dunia huyapinda mawimbi ya P kiasi kwamba kati ya digrii 104 na 140 hivi kunakuwa na kivuli, mahali ambapo mawimbi hayo hayafiki moja kwa moja. Tulikuwa kivulini.

Mama mdogo alikuwa ameshasikia habari redioni. Safari hii swali lilikuwa na namba ndani yake: je, 8.8 inaweza kutokea Kagera? Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu ambalo sikulitunga. Matetemeko ya ukubwa ule hutokea mahali bamba moja la dunia, yaani kipande kikubwa cha gamba lake la juu, linapozama chini ya jingine kwa urefu wa mamia ya kilomita. Ardhi yetu ya Bonde la Ufa inavutwa kwenda pande mbili, na kubwa kuliko yote lililopimwa katika bonde hili ni lile la Rukwa, tarehe 13 Desemba 1910, enzi za Wajerumani, la ukubwa wa 7.4. Nilimwambia na hilo pia, kwa sababu mtu mzima hastahili kupewa nusu ya habari. Alinyamaza. Kisha akaniambia kwamba ufa wa chumbani kwake, ule wa mwaka 2016, anauona kama umerefuka.

14 Septemba

Tangu simu ile mradi umegeuka, na naona umegeuka vizuri. Nilimwomba mjukuu wake apake bendi nyembamba ya jasi kukatiza ufa katika sehemu tatu, aandike tarehe juu ya kila moja kwa penseli, na anitumie picha kila Jumapili. Jasi haivutiki. Ukuta ukisogea hata unywele mmoja, inapasuka. Bendi mbili za chini ziko nzima mpaka leo. Ya juu, iliyo karibu na pembetatu ya matofali inayobeba paa, ilionyesha mstari mwembamba katika picha ya wiki ya nne, na nimeitazama picha hiyo kwa kioo cha kukuzia mpaka nikahakikisha kwamba si kivuli.

Pembetatu hiyo haijafungwa na lenta wala haijashikwa na kitu isipokuwa uzito wake, na chini yake ndipo kilipokuwa kitanda. Kitanda kimeshahamishwa. Kabati la vyombo limefungwa ukutani kwa skrubu ndefu. Ufunguo wa geti la chuma, ambao kila usiku alikuwa akiuficha chini ya godoro kwa kuogopa wezi, sasa unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto anaufikia gizani.

Jumatano, tarehe 10, miaka tisa ilitimia. Aliniambia kwamba kulikuwa na misa, na kwamba usiku aliamka mara moja tu.

Chombo cha pili kimekamilika na kimekaa siku kumi sambamba na cha kwanza shimoni; michoro yao inafanana hadi kwenye pampu. Ijumaa nitapanda nacho basi pale Mbezi. Fundi wa Bukoba amekubali kuanza kazi Jumatatu inayofuata: atashusha matofali yote ya pembetatu, kozi kwa kozi kutoka juu, aweke fremu ya mbao na kuifunika kwa mabati mepesi, na baada ya hapo atazungusha lenta yenye nondo nne juu ya kuta zote za chumba. Amenitaka nifike na vipimo vya mbao. Mama mdogo ameshavichukua kwa kamba ya kuanikia nguo, akaifunga fundo kila mwisho wa ukuta, na kamba hiyo ananisubiri nayo.